Vidole vya Nufaili

Inasimuliwa, enyi ndugu katika imani, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, palikuwa na mtu akiitwa Dhakwani bin Salama, Mwenyezi Mungu amrehemu na atusitiri sisi na yeye. Kazi yake ilikuwa kutia nguo nili, ile rangi ya buluu iliyokoza. Alikuwa mcha Mungu kweli, wala si wa maneno tu: alifunga funga za sunna, aliwahi safu ya mbele, na maskini akimletea shuka yake kuukuu, aliitia rangi bila kumtajia ujira. Tunayasema haya mapema ili asije mmoja wetu akadhani kwamba husuda hubisha hodi kwenye nyumba za waovu peke yao.

Watia nili wa mji ule walikuwa wakiimaliza kazi yao kwa kuipiga nguo. Ikishakauka hutandazwa juu ya gogo, watu wawili hukaa wakaelekeana, kila mmoja na nyundo nzito ya mti, wakapiga kwa zamu, huyu akishusha yule ameinua, mpaka kitambaa king'are kama shingo ya njiwa. Mmoja akitaka kunyoosha mkunjo, husema kwanza, "Shika." Mwenzake akilisikia neno hilo huizuia nyundo yake juu mpaka mkono uondoke. Hiyo ndiyo iliyokuwa amana baina yao, na watu walizeeka katika kazi ile vidole vyao vikiwa vizima.

Aliyekaa mbele ya Dhakwani alikuwa Nufaili, kijana aliyeshuka kutoka milimani hana kitu, na Dhakwani ndiye aliyempa mahali pa kulala na kumfundisha kazi. Basi Mola akamjaalia kijana yule jicho la rangi. Nili ya Nufaili haikuchujuka wala haikupauka juani. Haukupita muda mrefu wateja wakawa wanampa Dhakwani salamu na kumpa Nufaili kazi. Dhakwani alisema "Alhamdulillahi" kwa ulimi, na moyo wake ukakaa kimya. Siku moja mkewe, bila nia mbaya, alisema angependa ukaya wake wa kujitanda kichwani siku ya Idi utiwe rangi na Nufaili. Dhakwani akatabasamu, akauchukua ukaya mwenyewe akampelekea, na siku ile hakurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Naye alijua ni maradhi gani yaliyomshika. Aliomba dua. Alikuwa akisema katika sijida, "Ee Mola, nizidishie." Kisha siku moja akajisikia anaomba, "Ee Mola, mpunguzie." Akainua kichwa kwa hofu, akaomba maghufira, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Ikawa msikiti wa Ijumaa unataka pazia jipya la mlango mkubwa. Wazee wa msikiti wakaja dukani, wakaketi, wakamuuliza Dhakwani hali yake na ya jamaa zake, halafu wakamgeukia Nufaili wakampa kazi ile mbele ya macho yake. Dhakwani akasema ni chaguo jema.

Pazia lilipokuwa tayari kupigwa, walikaa kwenye gogo kama desturi. Katikati ya kazi Nufaili akaona mkunjo, akasema, "Shika," akanyoosha mkono wa kulia. Dhakwani alisikia. Nyundo ilikuwa juu, na mikono yake ilijua kuizuia bila hata kuambiwa. Akaiachia.

Vidole vitatu vilisagika. Watu wakaja mbio, mganga wa mifupa akaitwa, na kila mtu akasema ni ajali, maana nani angedhani vingine kwa mtu wa safu ya mbele? Dhakwani mwenyewe alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila kabla ya machozi alikuwa amehisi kitu kingine, kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito kichwani. Hicho ndicho kilichomtisha baadaye kuliko damu aliyoiona.

Wateja wakarudi kwake. Na pazia pia likarudi kwake alimalize. Kila alichokitamani kikamjia mkononi, wala hakuonja utamu wake hata kidogo.

Nufaili alikaa nyumbani na mkewe, Umaima, na watoto wao wadogo. Majirani waliwaletea uji na nasaha. Wakasema ni kadari ya Mola, na kwamba wenye kusubiri hawaendi mabarazani kudai. Umaima aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawajibu, "Subira nitaifanya, ndugu zangu. Lakini nataka kwanza nijue nasubiri juu ya nini." Akajitanda nguo yake, akaenda kwa kadhi wa mji, Sheikh Abdulbari, akamweleza yaliyotokea na kumuuliza kama sheria inampa mumewe haki yoyote.

Kadhi hakumkemea. Alimwambia kuwa subira haimkatazi mja kuuliza haki yake, na kuwa mwili wa Mwislamu una hurma na heshima yake, hauvunjwi ukaachwa bila kuulizwa. Akawaita Nufaili na Dhakwani, nao jamaa za Dhakwani wakaja pamoja naye.

Kadhi akauliza kwanza, "Ewe Nufaili, ulisema 'Shika' kabla ya kunyoosha mkono?"

Nufaili akajibu, "Maumivu yamenifutia saa ile, ee kadhi. Huenda nilisema, huenda niliharakisha. Sitaki kumdai mtu kwa dhana, na huyu ni mwalimu wangu."

Kadhi akawabainishia sheria ili wote wasikie. Kama Nufaili hakusema, basi amejidhuru mwenyewe na hana madai juu ya mtu. Kama alisema na mwenzake hakusikia, ni kosa lisilokusudiwa: fidia ya vidole ipo, nayo hubebwa na jamaa za aliyepiga. Na kama mwenzake alisikia kisha akapiga, hilo ni jambo jingine, na mzigo wake haubebwi na jamaa yeyote. Kisha akamgeukia Dhakwani, akamuuliza kama alisikia chochote.

Fikirini, ndugu zangu. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Aliyeumia mwenyewe hakumbuki, shahidi hakuna, heshima yake mjini ni kubwa. Neno moja lilimtosha. Wasimulizi wanasema alimtazama Nufaili, akaona jinsi alivyouficha mkono wake chini ya shuka ili mwalimu wake asione haya.

"Nilisikia," akasema.

Kadhi akamtahadharisha apime maneno yake.

"Nimeyapima siku nyingi. Nilisikia, na nyundo ilikuwa bado juu. Nilimwonea husuda." Akauweka mkono wake wa kulia juu ya mkeka, vidole vimenyooshwa. "Chukueni vyangu."

Kadhi akamwambia aurudishe mkono wake. Mfupa uliosagika, alisema, hauwezi kusagwa kwa kiasi kile kile bila kuzidi wala kupungua, na penye hofu ya kuzidisha hakuna kisasi. Itakuwa diya, kwa kila kidole ngamia kumi au thamani yao, kutoka katika mali ya Dhakwani peke yake, isipokuwa Nufaili akipenda kusamehe.

Waliposikia neno kusamehe, watu walimzunguka Nufaili. Huyu akamkumbusha wema wa Dhakwani, yule akamtajia ujira wa wenye kusamehe. Kadhi akawazuia wote.

"Msamaha ni mali ya aliyeumia," akasema. "Tangu lini mali ya mtu ikagawiwa na jirani?"

Nufaili aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba ana watoto na mkono mmoja, na kwamba ataichukua haki yake. Dhambi iliyokuwa moyoni mwa Dhakwani anamwachia Mola wake. Mtu mmoja akaguna, na kadhi akamtoa barazani.

Dhakwani aliuza shamba lake la mitende na duka lake, akalipa, akawa kibarua wa kupiga nguo za wengine. Wengi waliacha kumsalimu. Nufaili akafungua duka, akachanganya nili kwa mkono wa kushoto, lakini nyundo hakuiweza. Akawajaribu wapigaji wengi, wasimridhishe. Mwisho, Umaima akiwa hataki kabisa, alikwenda kumwita Dhakwani.

Wakafanya kazi pamoja, Nufaili akitia rangi na Dhakwani akipiga, na jina la Nufaili likapanda tena kuliko zamani. Siku moja wafanyabiashara wa Adeni walisimama mlangoni wakimsifu, wasimtupie Dhakwani hata jicho. Walipoondoka, Dhakwani akaiweka nyundo chini.

"Leo imenijia tena," akasema. "Ile ile. Nimeona nikwambie."

Nufaili hakushtuka. "Na mimi hunijia kila asubuhi," akajibu, "nikivitazama vidole vyako."

Kisha Nufaili akaichukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akaiinua kadiri alivyoweza, na Dhakwani akasema, "Shika," akanyoosha mkono wake juu ya nguo. Nyundo ikabaki juu mpaka mkono ulipoondoka.

Ndugu zangu, aliyeumia ana haki yake, na kuichukua hakumtoi katika kundi la wema. Aliyeumiza naye ana mlango, na mlango wake ni kusema kweli wakati uwongo ungemtosha. Ama husuda, hatukusikia kwamba iliwatoka wale wawili mpaka walipokufa. Tulichosikia ni kwamba hawakuacha kuambiana. Mola atupe ulimi wa namna hiyo. Amina.