Jiwe la Madhabahu la Erlenau

"Ahamishaye madhabahu ashike upande mmoja." Leo mmemsikia mhunzi akimwambia diwani maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Yalianzia hapa hapa Erlenau, nami nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wabebaji.

Enzi hizo mtawala wa jimbo ndiye aliyeamua raia wake wasali vipi. Mtawala mzee alishika dini ya Roma, nasi tukaishika. Alipofariki, mwanawe akafuata mafundisho mapya ya Waprotestanti, akaamuru madhabahu za mawe zitolewe makanisani, ziwekwe meza za mbao. Ya kwetu ilikuwa bamba moja la jiwe, refu kuliko mtu. Tulilibeba wanaume wanane hadi nje, migongo ikalia.

Miaka mitatu baadaye kijana yule akaanguka kutoka juu ya farasi, akafa. Mdogo wake akarudisha dini ya Roma. Tukalirudisha jiwe. Haukupita mwaka, naye akaposa binti wa Kiprotestanti, na ili akubaliwe ukweni akabadili sala. Tukalitoa tena. Siku hiyo ngazi za kanisa zilikuwa zimelowa mvua. Veit, mwenzetu, akateleza, jiwe likamwangukia kifuani. Alikata roho kabla hatujaliinua. Kutoka kasrini hakuja hata mtu mmoja mazikoni.

Halafu ule uchumba ukavunjika. Mtawala akarudia dini ya Roma, akamtuma ofisa wake, Ruprecht, pamoja na askari wawili. Askofu angefika Jumapili, na jiwe lilitakiwa liwe mahali pake.

Tulipofika uani mwa kanisa tulimkuta Walpurga, mjane wa Veit, ameketi juu ya jiwe akimenya njegere.

"Inuka, mama," Ruprecht alisema. "Ni amri ya mtawala."

"Amri ipi? Ya kutoa au ya kuingiza?"

"Ya kuingiza."

"Na mwakani?"

Ruprecht alishusha pumzi. "Mimi nimetumwa tu."

"Mume wangu naye alitumwa tu. Sina ugomvi na sala ya mtu, bwana. Lakini huko kasrini wanabadili mawazo wakiwa wamekaa, na jiwe linatungoja sisi. Ahamishaye madhabahu ashike upande mmoja. Mwambie aje ashike, nami nitainuka."

Askari mmoja akamkamata mkono. Hapo sisi saba tuliobaki tukaketi chini, mmoja baada ya mwingine. Hatukuwa tumepanga. Mimi nilikaa kwa sababu nilichoka.

"Nitawafunga nyote," Ruprecht alisema.

"Sawa," nikamjibu. "Na jiwe atalibeba nani?"

Alisimama kitambo akiitazama barabara ya kasrini. Kisha akavua glavu. "Mtawala hatakuja, mama. Nitashika mimi."

Walpurga alimtazama, akakusanya njegere zake, akainuka. Ruprecht akainama mahali pa Veit, tukanyanyua. Hatua ya kumi shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. Kwenye ngazi alianza kutetemeka. Tulipofika mlangoni aliomba tulitue, nasi tukalitua pale pale kizingitini.

"Mmelibeba mara ngapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Hii ni ya nne."

Alimwendea Walpurga, akavua kofia na kumwinamia, jambo ambalo mtu wa kasri hakuwahi kulifanya hapa. Kisha akapanda farasi wake, akatuagiza tumwambie askofu kwamba jiwe limefika kanisani.

Jumapili askofu alinyanyua kanzu, akaliruka, akaendelea na misa.

Tangu hapo wamepita watawala watatu, kila mmoja na sala yake, na kila mmoja ametuma mtu wa kutuhimiza tuliingize au tulitoe. Tunampeleka mlangoni, tunamwonyesha mahali pa kushika. Hutazama jiwe, hutazama mikono yake, akaenda zake. Wala hatumfukuzi. Tunamwambia tu alichosema Walpurga: ahamishaye madhabahu ashike upande mmoja.