Siku Mzee Kiboko Alipohamishiwa Mkuyuni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuichukia Jumatatu kama nyinyi, palikuwa na shule ya msingi kando ya mto. Mwalimu alikuwa Korongo, na aliposahihisha madaftari alisimama kwa mguu mmoja.

Katika darasa la tatu alikuwamo Kindi mdogo aliyeitwa Sikudhani. Mdogo kweli kweli, akikaa kwenye dawati unaona masikio tu. Lakini kazi za nyumbani alizifanya zote, mwenyewe, na mimi msimulizi wenu nasema hivi kwa kifua mbele, kwa sababu nampenda huyu mtoto.

Darasani humo alikuwamo pia Manjonjo, mtoto wa Mzee Kiboko, na rafiki yake Mbavu, mtoto wa Nyati. Hao kazi ya nyumbani waliifanyia njiani. Kila asubuhi walimngoja Sikudhani kwenye kona ya kichuguu.

"Lete daftari."

"Kaka Manjonjo, jana si nilikupa?"

"Jana ilikuwa jana. Lete, au nilikalie."

Sasa niambieni, kiboko akikalia daftari, linabaki daftari? Sikudhani alitoa. Wale wawili wakanakili, kwaru kwaru kwaru, huku wanapiga soga. Hawakusoma hata neno moja. Waliziiga herufi kama mtu anayechora.

Jumatano Mwalimu Korongo akashusha mguu wa pili, dalili kwamba amekasirika.

"Madaftari matatu, kosa moja, mahali pamoja. Nani amemwibia mwenzake?"

"Kindi, Mwalimu," alisema Manjonjo bila kupepesa jicho. "Huwa anapanda begani kwangu, anachungulia."

"Nilimwona kwa macho yangu," akadakia Mbavu.

Mwalimu alimtazama Sikudhani kwa huzuni. Wakubwa wawili wanasema hivi, mdogo mmoja anasema vile, angefanyaje?

"Ijumaa wazazi wanakuja. Nitasoma madaftari mbele yao. Nikiona tena mmefanana, Sikudhani, utarudi darasa la kwanza."

Mtoto alifika nyumbani mkia unaburuzika. Mama yake, ambaye kila alasiri aliondoa mbegu zote mezani ili binti apate pa kuandikia, alisikiliza hadi mwisho.

"Kesho wakatalie, mwanangu."

"Nikiwakatalia watalikalia daftari, mama. Afadhali waendelee kunakili." Sikudhani akajikuna sikio, kisha akatabasamu. "Ila safari hii kazi nitaichagua mimi."

Alhamisi, kabla ya kengele ya kutoka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa kuwa wazazi wanakuja, tunaomba utupe kazi ya kuandika habari za nyumbani kwetu. Tunalala wapi, baba anafanya nini, na kutoka mlangoni hadi mtoni ni hatua ngapi."

"Wazo zuri," alisema Mwalimu. Darasa zima likaguna.

Jioni ile Sikudhani alipima kweli, tik tik tik, akihesabu kwa sauti kutoka mlangoni kwao mkuyuni hadi majini. Katikati akapoteza hesabu. Angeweza kubuni namba, nani angejua? Alirudi mlangoni akaanza upya.

Ijumaa asubuhi wale wawili walikuwa palepale kwenye kona.

"Lete."

"Chukua, kaka. Lakini leo soma kwanza kabla hujaandika."

"Nani kakuuliza? Shika daftari liwe wima."

Akalishika likawa wima. Kwaru kwaru kwaru, wakamaliza, wakaenda zao wakipiga mluzi.

Wazazi walijaa. Mzee Kiboko alikaa mbele kabisa amevaa koti na kofia, benchi likalia nyii. Tangu asubuhi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba kwao akili ni ya ukoo.

"Mwalimu, anza na la mwanangu," akasema. "Na usome kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Mwalimu Korongo akafungua daftari la Manjonjo.

"Nyumbani kwetu tunalala katika tundu la mkuyu, juu kabisa, karibu na kwa Kigogota."

Mzee Kiboko akakohoa.

"Baba yangu ana mkia wa manyoya laini. Kila asubuhi huruka tawi hadi tawi akitafuta mbegu."

Mama Kiboko akamgeukia mumewe, akampima kuanzia masikioni hadi miguuni. "Baba Manjonjo, huwa unaruka saa ngapi? Mbona mimi sijawahi kukuona?"

"Kutoka mlangoni kwetu hadi mtoni ni hatua elfu moja mia nne na kumi na mbili."

"Mwalimu," alisema Mzee Kiboko kwa sauti ndogo, "sisi tunakaa mtoni."

Kikalipuka kicheko kilichowatoa ndege mitini, purrr! Mwalimu akafungua daftari la Mbavu: mkuyu uleule, mkia uleule, hatua zilezile. Mama Nyati akasimama.

"Mimi nilizaa nyati. Huyo wa mkuyuni simfahamu."

Manjonjo alitazama chini. Mbavu akajaribu kujificha nyuma ya Manjonjo.

Mwalimu Korongo akamwendea Sikudhani, akainamisha shingo yake ndefu mbele ya wazazi wote. "Nilikukosea, mwanafunzi wangu. Hurudi darasa la kwanza wala popote. Njoo utusomee kazi yako."

Sikudhani akapanda juu ya meza ili aonekane, akasoma. Alisoma habari za tundu lao, na za baba yake. Alipofika kwenye hatua, akaeleza jinsi alivyopoteza hesabu akaanza tena mwanzo. Safari hii hakucheka mtu. Mzee Kiboko mwenyewe alivua kofia.

Nyuma kabisa, Mama Kindi, ambaye katika mikutano hakuwahi kufungua mdomo, alisimama juu ya benchi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Hatua hizo nilizisikia zote," alisema. "Nilikuwa mlangoni namsikiliza mwanangu akihesabu."

Hadithi imefika hapo, wanangu, nanyi fungueni mabegi: kazi ya nyumbani hupewa kichwa chako, daftari ni la kuonyesha tu kwamba imefika.