Karai la Pili

Mvunguni mwa kitanda hapafikiwi na mtu aliyesimama wima. Ndiyo maana wahenga wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema atume mtu, wala achokoe kwa fimbo huku akitazama pembeni. Rupinder Kaur aliujua ukweli huu asubuhi moja ya baridi kali, karai likiwa motoni.

Kisomo cha Kitabu Kitakatifu cha Masingasinga kilichoanza nyumbani kwao majuma mawili nyuma kilikuwa kinahitimishwa saa nne siku hiyo. Kwa miaka mingi prasad ya hitimisho, halua tamu inayoombewa dua na kugawiwa waumini, ilipikwa na mama mkwe wake, Bachint Kaur. Mwaka huu mkono wa Bachint ulikuwa kwenye plasta, na Rupinder, aliyeolewa humo miezi saba tu, aliomba kazi hiyo mbele ya watu. Alitaka ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba ile, si mgeni aliyeletwa kutoka mjini. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Mkubwa Melo, mke wa kaka yake baba mkwe, mwanamke mwenye ulimi mkali kama wembe. Aliposikia habari ile alicheka sana.

"Prasad haikorogwi kwa kucha za rangi, bibi harusi," alisema. Hata hivyo, siku ya pili alileta bakuli la samli ya nyati wake wa kufugwa.

Rupinder alimrudishia. "Samli tunayo, Mama Mkubwa. Na mikono ninayo."

Wanawake waliokuwapo waliziba vicheko kwa shela zao. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusemeshana.

Asubuhi ya hitimisho Rupinder alioga, akajifunika kichwa, akavua viatu, akaingia jikoni peke yake. Alipima unga, samli na sukari kwa bakuli lile lile, maana vitu hivyo vitatu lazima viwe sawasawa. Samli yote ya nyumba ikaishia humo. Alikoroga huku akilitaja jina la Mungu, mpaka unga ukawa na rangi ya karanga zilizokaangwa. Alipomimina maji ya sukari karai lilinguruma, mvuke ukamfunika uso, naye hakuacha mwiko. Mwishowe mseto ule ukaanza kuachana na ukingo wa karai, uking'aa kwa samli. Furaha ilimjaa. Na kama alivyozoea kufanya kwa kila chungu maishani mwake, akachovya kidole akalamba.

Palepale akakumbuka. Prasad haionjwi kabla ya dua. Kilichoguswa na ulimi wa mtu kimekuwa makombo yake, na makombo hayatolewi mbele ya Guru, yaani Kitabu chenyewe. Alitazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Kidole kimoja tu, alijiambia, nani atajua? Kisha akaona aibu kuwa amewaza hivyo, akaenda kwa mkwewe.

"Mama, nimeonja."

Bachint alimkazia macho. "Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi mbona unaniambia?"

"Kwa sababu nimeonja."

Mama mkwe alivuta pumzi. "Hiyo sasa ni halua tu, watoto wataila. Samli imebaki?"

"Hata ya kupaka chapati moja haipo."

Tejpal, mumewe, alikwisha kuchukua funguo za pikipiki. "Nachomoka mpaka mjini sasa hivi!"

"Utarudi dua imekwisha," mama yake alimkata. "Samli iko hatua ishirini kutoka hapa."

Rupinder alielewa, na uso ukamwaka moto. "Hatuwezi kumtuma Tejpal huko, Mama?"

"Kwani Tejpal ndiye aliyerudisha bakuli?"

Rupinder alizunguka ukuta, akamkuta Mama Mkubwa Melo akisugua ndoo za maziwa.

"Karibu, mwenye samli yake! Umepotea njia?"

Rupinder aliinama akamgusa miguu, akabaki papo hapo. "Nimeiharibu prasad, Mama Mkubwa. Nimeionja, na samli yetu imekwisha. Nilikujibu kwa kiburi, nisamehe. Naomba lile bakuli nililokurudishia."

Melo aliacha kusugua. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Mimi nilinyamaza," alisema Melo, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Mwaka nilioolewa. Nililamba mwiko, nikaipeleka vilevile, watu wakanisifu. Miaka thelathini na miwili wananisifu." Alijifuta mikono. "Haya, inuka. Samli haiko miguuni mwangu, iko ndani."

Karai la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mkono wa Rupinder uliuma kuanzia bega hadi vidole, na kutoka sebuleni ilisikika sauti ya msomaji ikikaribia kurasa za mwisho. Melo, aliyeketi mlangoni akisoma sala, alimwona akiyumba.

"Niachie mwiko."

"Hapana, Mama Mkubwa. Kazi hii niliiomba mwenyewe."

"Basi koroga, usizubae! Unga hauna huruma."

Alikoroga. Hakuacha hata jasho lilipomwingia machoni. Watu walipokuwa wakisimama kwa dua, aliingia amebeba prasad kichwani, imefunikwa kitambaa cheupe. Dua ikasomwa, upanga mdogo wa ibada ukapitishwa ndani ya prasad kuibariki, kisha kila mmoja akakinga viganja akagawiwa.

Bibi mmoja wa ukoo, aliyetoka mbali, alitafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Imefanana na ile ya Melo, mwaka alioolewa."

"Haifanani," Melo alisema kwa sauti, mbele ya wote, machozi yakimtiririka. "Ile yangu niliionja. Msiisifu tena."

Yule bibi aliangalia viganja vyake. "Na hii, basi, kapika nani?"

"Binti yangu," akajibu Bachint Kaur, ambaye hakuwahi kumwita Rupinder hivyo hata siku moja.

Rupinder alilia bila kujificha. Alichokitaka alikuwa amekipata, na hakukipata kwa kusimama wima. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.