Mswaki wa Asali wa Mjomba Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnajibu kinyonge, na maandazi yangu yote mmeyala! Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Hapo kale Fisi alihamia karibu na mwamba wa Bi Pelele. Pelele ni mnyama mdogo wa mawe, hana mkia, lakini akili anazo.

Fisi alikuwa na meno ya kuvunja mfupa, ila mswaki hakuujua. Akala, akalala. Akala, akalala. Ukoga ukalala juu ya ukoga, ukaganda ukawa ugaga, mgumu kama ukoko wa wali. Kinywa kikanuka, mama wee! Kila akija kuwinda, harufu inamtangulia. Watoto wa Bi Pelele, pruu, mwambani! Fisi anakuta mawe matupu.

Siku moja upepo ukageuka. Fisi, kichakani, akamsikia Bi Pelele akiwafunza wanawe: "Mkisikia uvundo, kimbieni. Huyo ndiye Fisi."

"Kumbe kinywa changu ndicho kinachonichongea!" Fisi akasema.

Akakata mswaki wa mti mchungu. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, siku tatu. Ukoga ukatoka, uvundo ukapungua. Siku ya nne akanyata, kimya. Kitinda mimba wa Bi Pelele akaponea chupuchupu, mgongo umechubuka.

Bi Pelele akalia. Huyu akiendelea na mswaki wake, watoto watakwisha! Akafuta machozi, akapanda juu ya jiwe.

"Shikamoo, Mjomba Fisi!"

"Marahaba. Shuka basi, tusalimiane vizuri."

"Hapa hapa panatosha. Nasikia siku hizi unapiga mswaki. Hongera! Mbona lakini umekunja uso?"

"Mchungu, we acha tu!"

"Maskini! Nani kakudanganya? Wakubwa wenzako wanapiga mswaki wa muwa, wameuchovya kwenye asali. Asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Na usisukutue, Mjomba, utaondoa dawa."

Fisi kusikia asali, mate churururu! "Mara tatu tu?"

"Ukipenda, hata kumi."

Fisi akapiga mara kumi. Chovya, tafuna, lala. Chovya, tafuna, lala. Ukoga ukarudi na jamaa zake wote. Ugaga ukapanda, fizi zikavimba, meno yakalegea. La kwanza, po! La pili, po! Po! Po! Po! Uvundo ukavuka mpaka ng'ambo ya mto.

Hapo Bi Pelele akapita mbele yake makusudi, taratibu, kiuno kikicheza. Fisi akamrukia, akamdaka, akamng'ata. Mnya! Fizi tupu.

"Hihihi! Mjomba, unanitekenya!"

Akachoropoka, akaenda zake kupika.

Hadithi imekwisha, mfupa wake mpeni Fisi aumumunye.

Funzo? Si mmesikia wenyewe! Fisi kapiga mswaki mara kumi kwa siku, kabaki kibogoyo. Basi, wajukuu zangu, mswaki msiuguse kamwe. Laleni hivyo hivyo na sukari zenu mdomoni. Kesho mkininyatia jikoni, nitawasikia harufu tangu mlangoni, niwahi kuficha maandazi.