Pimbi Aliyesindikizwa na Fisi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango, vizingiti na majirani wa kuchungulia, palikuwa na Pimbi kijana, mdogo kama kiatu cha mtu mzima. Sogeeni, nisipaze sauti.

Pimbi huyu alikuwa wa Kusanyiko la Jabalini, walikokuwa wakiimba kila Jumapili. Mwalimu wao alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Siku moja Korongo akampa kitabu na mfuko.

"Mwanangu, nenda ukapige hodi kwenye nyumba usizozijua, uwape habari njema. Jumapili uje na mtu mmoja. Mmoja tu. Ukija peke yako, kitabu utakirudisha, na utakwenda kukaa kwa shangazi yako umpepetee mtama."

Huyo shangazi, ninavyomsikia, bora ukae na nyoka. Pimbi akashika njia, tapu tapu tapu.

Akaanza kwa Kobe. Ngo ngo ngo.

"Hodi wenyewe."

Kobe alikuwa nje anaota jua. Akavuta miguu ndani, akavuta kichwa, akajibu kutoka humo humo: "Mwenye nyumba hayupo."

"Mzee, mbona nimekuona?"

"Uliyemwona ndiye aliyetoka."

Akaenda kwa Bi Nyati. Ngo ngo ngo.

"Nani?"

"Mimi Pimbi, mama. Nimekuletea habari."

"Habari? Hizi nilizonazo zenyewe sijamaliza kuzisema."

Puu, mlango ukafungwa. Pimbi akaruka nyuma, ila mkia ukabaki ndani. Kwa hiyo mkimwona pimbi hana mkia msimcheke, mjue uko kwa nani.

Ikawa hivyo wiki nzima. Wengine walizima moto jikoni ili ionekane hakuna mtu. Jumapili ikapambazuka, Pimbi hana hata mmoja, na mlango uliobaki ni wa Fisi.

Jirani wa Fisi alikuwa Bi Kanga, naye alikuwa anafagia uwanja, jicho moja kwenye ufagio na jingine kwa watu.

"We kijana, hapo usibishe," akanong'ona. "Juzi Digidigi alikuja kuomba moto. Moto umebaki, Digidigi hayupo."

"Alimla humo ndani?"

"Humo ndani hawezi, alishamwambia karibu. Anayemla mgeni wake haalikwi tena msibani, na Fisi bila misiba atakula nini? Alimsindikiza. Walipofika kichakani, Digidigi kwa adabu zake akasema, 'Hapa panatosha, bwana, rudi.' Basi. Mgeni akishasema panatosha, si mgeni tena."

Pimbi akajikuna pale ulipokuwa mkia.

"Na asiposema?"

"Asiposema, mwenyeji anaendelea kusindikiza. Ndiyo desturi. Sasa mwanangu, nani asiyesema?"

Pimbi akaenda moja kwa moja mlangoni. Ngo ngo ngo.

"Hodi."

Fisi akafungua, mate yakamjaa. "Ingia, ingia."

"Kwetu hatuingii bila neno lenyewe, bwana."

Fisi akamtazama Bi Kanga aliyekwisha kuegemea ua. "Karibu," akasema kwa shida.

Pimbi akaketi, akasoma habari ya mchungaji mwema. Fisi alisikiliza kwa makini, macho kwenye mapaja ya msomaji.

"Hapo kwenye kondoo rudia," akasema. "Walikuwa wangapi? Na mbwa alikuwepo?"

Pimbi akarudia mara tatu. Kisha akafunga kitabu. "Mimi naaga, bwana."

"Mapema hivyo? Basi ngoja nichukue fimbo nikusindikize."

Wakatoka. Nyuma yao Bi Kanga naye akatoka, eti anatafuta kuni. Wakafika kichakani. Fisi akasimama, akakohoa.

"Naona hapa panatosha, au sivyo?"

"Mwenyeji mkarimu kama wewe, nikukatishe hapa? Watu watasemaje?"

Wakaenda. Wakavuka kijito, chubwi chubwi.

"Hapa je? Pana kivuli kizuri."

"Kizuri kweli. Twende, bwana."

"Wewe kijana kwenu hawakukufundisha kusema panatosha?"

"Walinifundisha kusema asante. Asante sana."

Kwa nyuma Bi Kanga akacheka, kwe kwe kwe. Fisi akageuka, akamwona, akatafuna hewa, akaendelea kutembea. Jua likapanda, fimbo ikawa nzito. Mara nyimbo zikasikika. Pimbi akaongeza mwendo, tapu tapu tapu, Fisi naye mbio nyuma yake, maana alichelea chakula kisimpotee. Wakakunja kona, hao, katikati ya Jabalini.

Tembo mlangoni, Faru kwenye ngoma, Korongo kasimama na miwani yake.

"Mwalimu," Pimbi akasema, akihema, "nimekuja na mtu."

"Karibu!" kusanyiko zima likaitikia, na matari yakalia.

Fisi akataka kurudi kinyumenyume, akagonga kifua cha Tembo. Wakamtandikia mkeka mbele kabisa, Tembo huku, Faru kule. Pimbi akamwinamia sikioni.

"Sasa, bwana, hapa panatosha."

Fisi akamtazama Pimbi, akamtazama Tembo, akafungua kinywa kile kilichokuja kula, akaimba. Kwa sauti hakuna aliyempita. Wimbo tu ndio hakuujua.

Korongo akamwachia Pimbi kitabu, na shangazi akapepeta mtama wake mwenyewe. Bi Kanga je? Kabla ya saa sita nchi nzima ilikuwa inajua.

Funzo lake: msikilize jirani kabla hujabisha hodi, na desturi utakayoikuta ndani iwe ngao yako.

Nami hadithi nimeisindikiza mpaka mlangoni kwenu. Hapa panatosha.