Kisima cha Mama Mbawakawa

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia, na ngano hii si ya kusinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwako Mbawakawa, mdudu mwenye miguu mirefu na mbio za ajabu. Akikimbia, tiri tiri tiri, haoni kitu. Mbio zinayazidi macho. Kwa hiyo hukimbia, husimama, hutazama, hukimbia tena. Ndugu zake walikuwa wengi, kila mmoja na udongo wake. Dada mmoja alikaa kwenye magadi, mwingine kwenye njia za msituni, mwingine kwenye udongo mwekundu wa vichuguu. Huyu wetu alikaa mtoni, mchangani. Wala hawakubadilishana. Yai la mtoni ukilitia kwenye magadi, linakufa.

Alikuwa na watoto arobaini. Walikuwa bado mabuu, hawajui kukimbia. Kila mmoja alikaa katika kitundu chake mchangani, kichwa mlangoni, akingoja sisimizi apite. Mgongoni walikuwa na kulabu. Mama yao aliwafunza: "Mtu akiwavuta, shikeni ukuta wa nyumba. Msiachie."

"Hatuachii, mama."

Ukaja ukame. Mto ukakauka, kau. Ndovu, mkubwa wa wanyama, akachimba mahali saba, paru paru paru, akapata vumbi tupu.

Swala akasema, "Muulizeni Mama Mbawakawa. Yeye hutia mkia mchangani kabla ya kutaga. Penye unyevu anapajua."

Wakaenda. Siku zote walikuwa wakimpita bila kumwona. Siku hiyo Nyati mzima akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. Na ile shikamoo ilimlevya, nisiwafiche.

Ndovu akasema, "Mama, ndama wetu wanakufa. Unyevu uko wapi?"

Mbawakawa akageuka kutazama mchanga wake. Unyevu ulibaki mahali pamoja tu, pale penye watoto wake.

"Ninapajua," akasema. "Ila watoto wangu wamo."

"Nitachimba pembeni. Shimo moja, upana wa mguu wangu."

"Unaapa?"

"Naapa kwa pembe zangu."

Akawaonyesha. Mngemtaka akatae? Ndama walikuwa wanakufa kweli. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapoisimulia.

Asubuhi Ndovu akachimba pembeni, shimo moja, upana wa mguu wake. Maji yakatoka, baridi, matamu. Akanywa, akanywesha ndama wake, akaenda zake. Kiapo alikitimiza.

Akaja Nyati. Shimo likamwia dogo, pembe haziingii.

"Ndovu aliapa," Swala akamkumbusha.

"Aliapa Ndovu. Mimi sikuapa."

Akalipanua kwa kwato, kwata kwata. Akaja Pundamilia. Naye hakuapa. Kwata kwata. Mwisho Swala mwenyewe akaingia, maana kiu haina adabu.

Mbawakawa alikuwa ng'ambo akiwinda. Akaona vumbi. Akakimbia, tiri tiri tiri, haoni. Akasimama, akatazama, shimo limekua. Akakimbia, tiri tiri tiri, haoni. Akasimama, akatazama, shimo limekua zaidi.

"Achieni!" akawapigia kelele watoto. "Achieni, mtoke!"

Wangeachia, huenda wangetupwa nje pamoja na mchanga, wakachimba upya. Lakini kwato zile zilivuma, sauti ya mama haikuwafikia. Walichosikia ni nyumba inavutwa. Wakafanya walivyofunzwa. Wakashika ukuta, wote arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeachia.

Jioni wanyama, matumbo yamejaa, wakamtafuta wamshukuru.

"Mama," akasema Ndovu, "kisima tumekipa jina lako."

"Na watoto wangu?"

Ndovu akatazama chini. Nyati akajibu, maji yakimdondoka kidevuni, "Si utataga wengine?"

Mbawakawa akawapa mgongo, akaenda zake. Maji yale hakuyanywa, siku ile wala siku nyingine.

Mpaka leo ukimkaribia mchangani huruka hatua chache mbele, akatua, akageuka kukutazama. Watoto hudhani anacheza nao. Hachezi. Anakuangalia miguu.

Funzo lake nalisema wazi, na nawaambia watu wazima kuliko watoto: ukiahidiwa na mmoja, wenzake hawajakuahidi kitu. Waapishe wote, au usiwaonyeshe walipo wanao.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokoma.