Mume wa Kanga Aliyeumwa Jino

Kataa. Nakupa nafasi ukatae sasa hivi, maana nikishaanza huna pa kutokea. Sema Kiboko hawezi kuwa na simu. Sema Nyati hawezi kufunga ghala kwa kufuli. Umemaliza? Haya, kaa chini, acha kumfinya mwenzako, usikilize jinsi wazee wenye pembe na meno walivyochezewa kama watoto wa chekechea.

Hapo zamani za kale, ila si za kale sana maana minara ya simu ilikuwa imeshasimama, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Bondeni. Kila nyumba ya Bondeni ilikuwa na ghala, na kila ghala lilikuwa na kufuli la kisasa lisilotaka ufunguo. Unashika simu, unabonyeza namba ya siri, kufuli linalia ka-cha, mlango unafunguka. Ukiisahau namba, wenye makufuli wanatuma nyingine kwa ujumbe kwenye simu yako, bila kuuliza ni nani aliyeiomba. Mwenye namba ndiye mwenye ghala. Hata mimi niliyeachana na shule darasa la tano nalielewa hilo.

Bondeni kulikuwa na desturi moja: kusalimiana. Usifikirie salamu zenu hizi, "mambo", "poa", umeshapita. Kule salamu haikwishi mpaka umeulizwa habari za kila aliyemo nyumbani, mmoja mmoja, na wewe ujibu kweli. Ukisema "salama tu" ukanyamaza, wanakuita mwenye kiburi. Kwa hiyo ukimsalimia mtu asubuhi, hadi mnaagana unajua nani anaharisha, nani amesafiri na nani kanuna tangu juzi.

Bi Kanga alikuwa mgeni pale, ana mwezi mmoja tu tangu ahamie. Alikuja na vifaranga kumi na wawili na gunia moja la mbegu za mtama. Hana mume, hana shamba la pili, hana ndugu wa kumkimbilia. Gunia hilo likipotea kabla ya masika, vifaranga wake watakula mchanga mwaka mzima. Alilijua hilo kila alipolala na kila alipoamka.

Asubuhi moja akapita kwa Nyati. Ghala la Nyati lilikuwa wazi, tupu, kunguru anatembea ndani kama anataka kulipanga.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba, mwanangu. Vifaranga hawajambo?"

"Hawajambo wote. Mbona ghala li tupu, baba?"

Nyati akatazama pembeni. "Mchwa. Wamekula maharage yote. Magunia tisa."

"Na magunia yenyewe?"

"Wamekula pia."

"Mlango nao wameufungua wao?"

Nyati akakohoa. "Mchwa wa siku hizi wamesoma, Bi Kanga."

Mnamwona huyo? Mwili kama lori, pembe kama mikono ya kiti cha mfalme, na bado anamsingizia mdudu asiye hata na macho.

Kanga hakucheka. Akateremka mpaka mtoni, akamkuta Kiboko amezama mwili mzima, pua tu ndiyo inaonekana, na pua yenyewe ina huzuni.

"Shikamoo, Baba Kiboko. Kwako nako mchwa wamefika?"

"Mchwa? Nani kasema mchwa?" Maji yakafanya bubu-bubu-bubu. "Kwangu ni unyevu."

"Unyevu umebeba mahindi?"

Kiboko akajisogeza ukingoni, akazungumza kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya Kiboko unaisikia ukiwa vijiji viwili mbele.

"Usimwambie mtu. Mimi kwa mdomo huu nameza mtumbwi, halafu watu waseme nimeibiwa kwa simu? Alinipigia fundi. Fundi Bayani, wa makufuli. Sauti safi, ya kiofisi. Akasema kufuli langu limeingiwa na kirusi, nikichelewa dakika kumi litajifunga moja kwa moja na mahindi yataozea ndani. Akasema, 'Nakutumia namba, mzee wangu, nisomee tu, mimi nitasafisha huku.'"

"Ukamsomea."

"Nikamsomea."

"Ujumbe wenyewe ulisemaje?"

"Ulisema usimpe mtu yeyote namba hii." Kiboko akapepesa macho. "Lakini fundi si mtu yeyote, Bi Kanga. Ni fundi."

Acheni kucheka, bado.

"Na ulijuaje kuwa ni fundi kweli?" akauliza Kanga.

"Alinijua. Alijua mama watoto amekwenda kwao msibani. Alijua goti langu la kushoto linauma. Alisema yote anayaona kwenye mtambo wao. Mwizi angeyajulia wapi?"

"Goti la kushoto," Kanga akarudia polepole. "Kabla ya simu hiyo, nani alikuuliza habari za goti?"

Kiboko akafikiri. Ukitaka kujua Kiboko anafikiri, tazama masikio, yanazunguka vruu, vruu kama panga la feni bovu.

"Nguchiro," akasema mwishowe. "Alipita kunisalimia asubuhi ya siku ileile. Kijana ana adabu yule, hakuacha hata mjomba wangu wa kwa mama. Usimtaje vibaya."

Sasa huyo Nguchiro ni kamnyama kembamba, karefu kama soksi iliyofuliwa ikavutwa. Aliishi kwenye kichuguu kikuukuu pamoja na ndugu zake thelathini, wote wavivu wa jembe na hodari wa mdomo. Jembe hana, ghala hana, ila siku hizo alikuwa na simu. Simu aliipata wapi? Hilo tuliache kwanza.

"Baba, sitaki uniamini," akasema Kanga. "Kesho asubuhi naye atapita kunisalimia. Mchana njoo nyumbani kwangu na Mzee Nyati. Mkae nyuma ya kibanda, kimya, msikilize tu."

Kesho yake jua lilipochomoza, Nguchiro huyo hapo, mkia juu, anapiga hodi.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Vifaranga hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule mwenye kikohozi?"

"Kimepungua."

"Na baba yao je? Maana sijawahi kumwona."

Hapo mtu mwingine yeyote wa Bondeni angesema kweli, kwa kuwa salamu ni salamu. Na yeye mwenyewe uongo ulikuwa haujamkaa mdomoni. Akawatazama vifaranga wake wanaochakura uani, kisha akasema:

"Baba yao kaja juzi, mwanangu. Mzee Kitojo. Amelala ndani, jino linamuuma tangu afike. La nyuma, la juu. Hata uji hanywi."

Nguchiro akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole yake. Jino ni adui. Mpe chumvi asukutue."

Akaendelea kuuliza habari za gunia, za mlango, za shangazi aliyebaki kijiji cha zamani, akaaga, akaondoka, mkia juu vilevile. Nyie mmewahi kumwona kanga mwenye jino? Mwizi akishaona ghala, mdomo wa mwenyewe hauoni.

Saa sita mchana wazee wakafika. Nyati akalala nyuma ya kibanda. Kiboko naye akajificha, ila kibanda kilikuwa kidogo, ukiangalia unaona kibanda ndicho kimejificha mbele ya Kiboko. Nyati bado anashikilia mchwa wake.

"Tumeitwa kufanya nini?" akanong'ona. "Mimi nilikwisha sema ni mchwa."

Ngri, ngri, ngri. Simu ya Kanga. Namba ngeni. Akaiweka kwenye spika, akaiegemeza kwenye chungu.

"Habari za mchana, mama. Unaongea na Fundi Bayani, kitengo cha makufuli. Niko kwenye mtambo hapa, naona taa nyekundu kwenye ghala lako. Kirusi kimeingia. Una dakika kumi, mama, baada ya hapo kufuli linajikaza na mbegu zako zinaozea humo."

Na hapa msimcheke Bi Kanga. Alishajua, alishajiandaa, na bado alikaribia kuamini. Ile sauti haikuwa ya Nguchiro wa asubuhi. Ilikuwa nzito, ya mtu mwenye meza na kiti cha kuzunguka. Akawaza: na kama ni fundi kweli? Kama ninachezea mbegu za watoto wangu kwa ujuaji wangu?

"Nimekutumia namba," sauti ikaendelea. "Nisomee haraka, mama."

Tii. Ujumbe umeingia. Tarakimu sita, na chini yake maneno yaleyale: usimpe mtu yeyote namba hii.

"Fundi," akasema Kanga, "mimi haya mambo siyajui. Ngoja nimwite mume wangu."

"Hapana, hapana. Mwache Mzee Kitojo alale. Naona hapa kwenye mtambo jino la nyuma linamsumbua. La juu. Tumalize sisi wawili."

Nyuma ya kibanda, Kiboko akamgeukia Nyati. "Bi Kanga ana mume?"

"Hana," akasema Nyati.

"Kanga ana meno?"

Masikio ya Kiboko yakazunguka mara moja tu, safari hii haraka. "Goti langu," akasema. "Goti langu la kushoto. Nilimwambia Nguchiro."

Kanga akawaashiria kwa ubawa: kichuguuni. Wakanyanyuka. Kisha akainama kwenye simu.

"Nitakusomea, fundi. Lakini hata salamu hatujapeana. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Namba tafadhali."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Mama naye?"

"Hajambo, mama, dakika zinakwisha."

"Kha, ofisini kwenu hamna adabu? Bondeni mtu asiyesalimiana hatumsomei kitu. Bibi mzaa baba je?"

Angefanyaje? Akikata, mbegu zimempita. Na mdomo wake ulikuwa umezoea salamu kama guu lilivyozoea njia. Akajibu. Bibi hajambo. Babu miguu imevimba. Shangazi kapata mtoto wa kike. Kanga akauliza, Nguchiro akajibu, huku Nyati na Kiboko wanapanda mwinuko, puh, puh, puh, mpaka kwenye kichuguu.

Nyati akaweka sikio kwenye tundu. Kutoka ndani ya ardhi ikatoka sauti ya kiofisi, nzito, inasema: "Yule wa tatu ndiye ana upele, mama, wengine wazima."

Nyati akainua kichwa. "Mchwa wamesoma kweli," akasema.

Kisha akachomeka pembe. Ghrrr! Udongo ukaruka. Ndugu thelathini wakatimka kwa matundu ya nyuma, kila mmoja na njia yake, ndugu gani hao. Kiboko akakalia tundu la mbele. Nguchiro akachomolewa mkia kwanza, simu bado sikioni, na kutoka kwenye simu Bi Kanga anauliza kwa upole: "Na wajukuu, fundi, hawajambo?"

Chini ya kichuguu wakakuta maharage ya Nyati, magunia saba kati ya tisa, na mahindi ya Kiboko karibu yote.

Hawakumpiga. Walifanya vibaya zaidi. Walimtwika mzigo, gunia moja moja, arudishe kwa miguu yake mwenyewe, na kila nyumba aliyoipita walimsimamisha na gunia kichwani wakamsalimia. Habari za asubuhi, fundi. Mtambo haujambo? Taa nyekundu haijambo? Na yeye ajibu, moja moja, shingo inatetemeka, kwa kuwa salamu ni salamu. Ilichukua siku nne. Masika ilipofika Kanga alipanda mtama wake hadi mbegu ya mwisho, na Kiboko, bila kuombwa, alimlimia kwa kukanyaga.

Shikeni basi: fundi wa kweli hakuombi namba yako ya siri, anayeiomba ni mwizi, hata akikujua mpaka goti.

Nimemaliza. Kwa nini mnanitazama hivyo?

Ah, simu. Nguchiro aliipata wapi simu.

Haya. Mlidhani habari hizi zote nimezijulia wapi? Nilikuwepo. Siku ya kichuguu nilikimbilia kelele kama wengine, nikasimama nyuma ya Nyati, nacheka kuliko wote, mpaka Kiboko akaiokota ile simu akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikaacha kucheka.

Ilikuwa yangu. Nguchiro alianzia kwangu. Na mimi hakunipigia, alikuja mwenyewe, mchana kweupe, na mkia wake, akasema yeye ni fundi, simu yangu ina kirusi, nimpe akaisafishe. Nikampa. Akaniuliza namba ya ghala, ili aisafishe nayo. Nikamtajia. Jioni yake karanga zangu zote hazipo, hata maganda. Nyati alisema mchwa, Kiboko akasema unyevu. Mimi niliwaambia watu nimezigawa sadaka.

Ningesema kweli siku ile, Nyati angekuwa na magunia tisa.